Manjano ya Kunifikisha Bombay

Jumanne, 1 Juni 1965

Nimechaguliwa! Mimi, Rasto Mangeni, karani wa mizani wa chama chetu cha ushirika wa pamba hapa Busia, nakwenda India. Miezi mitatu, kusomea ushirika. Ndege kutoka Entebbe tarehe 26 mwezi huu. Ndege! Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Jinja, tena kwa mazishi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Oboth, alisoma jina langu mbele ya wote, akanikabidhi barua. Kisha akaongeza kwamba nikishindwa kwa sababu yoyote ile, nafasi itachukuliwa na Chrispinus Okochi. Huyu Chrispinus ni karani wa stoo. Analala Kenya, anafanya kazi Uganda, anavuka mpaka kila asubuhi kwa baiskeli iliyong'arishwa, na suruali yake ina mkunjo hata siku ya mvua. Alinipa mkono akasema amefurahi kwa niaba yangu. Sijaona mtu akifurahi kwa meno mengi namna ile.

Barua ina sharti moja. Msafiri awe na kadi ya manjano iliyopigwa mihuri ya chanjo mbili, ya ndui na ya homa ya manjano, si zaidi ya tarehe 18. Mashine yao ya chapa imeishiwa wino, lakini 18 naiona. Anjeline, mke wangu, alinishauri nivae miwani ya marehemu baba yake nisome vizuri. Miwani! Mtu wa miaka thelathini na tisa! Nilimwambia macho haya ndiyo yanayosoma mizani ya wakulima wote wa hapa. Akasema ndiyo maana wanalalamika.

Sasa shida yenyewe. Nitaiandika kwa kuwa humu hakuna anayesoma. Naogopa sindano. Wachanjaji walipokuja kwa chifu mwaka wa 1936, nilijificha kwenye ghala la wimbi siku mbili, na mpaka leo mkono wangu hauna kovu. Nimeoa, nimezaa, nimezika wazazi, na bado nikiona sindano natafuta mlango. Chanjo ya ndui ni mkwaruzo tu, hiyo nitaivumilia. Ya homa ya manjano ni sindano kamili, inaingia.

Chanjo za wasafiri hutolewa Tororo, hospitalini, siku ya Alhamisi tu. Nimehesabu: tarehe 3, tarehe 10, tarehe 17. Alhamisi tatu nzima. Kichwa hiki kitapata njia.

Alhamisi, 3 Juni

Njia ilipatikana. Osborn!

Osborn ni binamu yangu. Anapasua mawe kule Osukuru, na mwili wake hauna habari na maumivu. Mwaka juzi nyundo ilimwangukia mguuni akaendelea kusimulia habari za ng'ombe wake. Mpango: aende Tororo, aseme yeye ni Rasto Mangeni, adungwe, aniletee kadi. Nilimkaririsha jina langu tangu alfajiri mpaka basi likaja.

Amerudi saa kumi, anatafuna muwa. Kadi safi, mihuri miwili, yote inasomeka. Jina: Osborn, pamoja na la baba yake na la babu yake.

Nilikaa chini. Osborn akanieleza kwamba kosa si lake. Alikuwa tayari amefungua kinywa aseme Rasto, ndipo sauti nyuma yake ikamsalimu: Osborn, habari ya Osukuru? Ni Chrispinus! Chrispinus naye alikuwa kwenye foleni, amekuja kuchanjwa kwa tahadhari tu, eti huwezi kujua. "Sasa watu wote nasikia mimi ni Osborn," binamu yangu akasema. "Nitabadilisha namna gani?"

Kwa hiyo Chrispinus ana kadi. Osborn ana kadi. Mimi nina muwa.

Lakini sikubaki mikono mitupu, maana Osborn alisikiliza mawaidha ya Sista Amongin, mkuu wa chanjo. Maji ya kunywa yachemshwe. Matunda yaliyokatwa sokoni yasiliwe. Chandarua kila siku. Akaeleza pia kwamba chanjo si uchawi: ndui inazuiwa kwa kumpa mtu kitu kidogo cha jamii ya ndui yenyewe. Tena mtu aliyekwisha ugua homa ya manjano akapona, haimshiki tena maishani. Halafu alisema kitu kuhusu kumi. Osborn hakumbuki kumi ya nini. Anadhani ni Amri.

Kabla ya kuondoka aliniuliza India watu wanavaa nini. Nilimwambia arudi kwenye mawe yake.

Jumapili, 6 Juni

Ibada ya kuniaga. Wamenipa sanduku!

La bati, jipya, rangi ya kahawia, na ubavuni fundi ameandika kwa rangi nyeupe ya mafuta: R. MANGENI – BOMBAY. Nililia mbele ya watu wala sikuona haya. Baba yangu alikufa hajawahi kumiliki sanduku. Nguo zake zote zilikaa kwenye kapu moja, na kapu lenyewe lilikuwa la kuazima. Nilipolibeba lile sanduku kutoka madhabahuni hadi mlangoni, tupu, nilihisi nimekwisha safiri nusu.

Mlangoni Chrispinus aliniuliza, kwa sauti ya besi anayoitumia kwenye kwaya, kama kadi yangu iko tayari. Mchungaji akageuka kusikiliza. Ningefanya nini? Niliushika mkono nikakunja uso, nikasema maumivu ni makali lakini namwachia Mungu. Mchungaji akanipapasa begani kwa huruma nikapiga ukelele. Akina mama wakaniombea. Mmoja akanipa kuku.

Nyumbani Anjeline aliuliza ni mkono upi hasa, kwa sababu mbele ya Mchungaji niliushika wa kushoto na mbele ya akina mama nikaushika wa kulia. Nikamweleza kwamba chanjo za kisasa huzunguka mwilini. Alikwenda kumchinja kuku.

Jumatatu, 7 Juni

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nilikwenda dukani kwa Bwana Virji kununua kiberiti, nikajikwaa kwenye gunia. Nikaangalia ndani. Nikasimama pale mpaka Bwana Virji akaniuliza kama naumwa. Kadi ya manjano. Homa ya manjano. Na gunia zima la manjano ya kupikia!

Fikra zilikwenda hivi. Ndui inazuiwa kwa kitu cha jamii ya ndui, kidogo. Hayo ni maneno ya Sista mwenyewe. Basi homa ya manjano itazuiwa na manjano, kidogo. Kwa nini hakuna mtu aliyeliona hili? Liko kwenye jina! Nitayala tangu leo, kinga iingie kwa mdomo kama chakula kingine chochote. Halafu Alhamisi nitajitokeza kwa Sista kama mtu aliyeugua homa ile akapona, bado na rangi kidogo ya ugonjwa kwenye ngozi. Aliyepona haimshiki tena, na asiyeshikwa hahitaji sindano. Atakachobaki nacho ni kupiga mhuri.

Uongo hapo ni nusu tu. Nusu ya pili ni sayansi.

Nilinunua ratili nzima. Bwana Virji akatabasamu akauliza arusi ni ya nani, kwani kwao Wahindi bwana arusi hupakwa manjano. Nikamwambia ni yangu na India. Akanipa mkono.

Jumatano, 9 Juni

Siku tatu za manjano. Kwenye chai, kwenye uji, kwenye ugali. Ulimi umekolea vizuri. Tumbo linalalamika lakini nadhani ndiyo kinga inajijenga.

Jana Osborn alinisaidia kuchanganya unga na mafuta ya simsim. Tukajaribu shingoni, viganjani na nyayoni. Alirudi nyuma hatua tatu, akaniangalia, akasema kama asingenijua angenikimbia. Nilifurahi sana.

Leo Anjeline aliuona mto wa kulalia. Aliuinua, akaunusa, akaniuliza kama nina mpango wa kujipika. Nikasema ni jasho la furaha ya safari. "Baba Taaka," akasema, "nenda uchomwe sindano kama watu wengine, yaishe." Taaka ni binti yetu, ameolewa Molo. Anjeline akiniita kwa jina la binti yetu kwa sauti ya chini vile, najua amechoka na mimi. Nilimwambia kesho yataisha.

Alhamisi, 10 Juni. Naandika kwa penseli, chini ya chandarua.

Hayakuisha.

Nilifika Tororo mapema, nimejifunika blanketi ndani ya basi. Nyuma ya ukuta wa hospitali niliongeza mkono wa mwisho, wa unga mkavu, usoni. Upepo ukaja. Unga wote machoni! Macho yote mawili! Niliingia nimeyafumba, machozi yanatiririka, napapasa ukuta.

Nilikuwa nimekwisha andaa hotuba, nikaitoa hivyo hivyo. Sista, mimi ni Mangeni wa Busia, wiki iliyopita niliugua homa ya manjano, nimepona, naomba mhuri tu nisikusumbue. Nilitegemea pole. Nikasikia sinia likianguka. Halafu Sista Amongin akapaza sauti kama ya sajini: "Hapana gusa kitu! Hapana gusa mtu!" Nikasikia mabenchi yakipinduka. Nilipofanikiwa kufungua jicho moja kidogo, foleni yote ilikuwa imetoka kwa madirisha, na mtu mmoja aliyekuja na mguu uliovunjika alikuwa wa kwanza nje.

Akaniuliza nimelala na nani, nimekula na nani, nimepanda basi gani. Nilijibu kwa ufasaha. Pengine ufasaha ulizidi. Nilimtajia chama kizima, kwaya yote, Mchungaji, na mama aliyenipa kuku. Akaandika kila jina. Daktari Ekwaro akaja, kijana mpole mwenye mikono baridi, akajaribu kuyafungua macho yangu ayatazame, yakakataa kwa uvimbe. Akakagua ulimi wangu. Akapumua kwa nguvu.

Wameniweka peke yangu kwenye kijumba nyuma ya jiko, wasije mbu wakaniuma wakaupeleka ugonjwa kwa wengine. Kisha Daktari akaja na sindano ya kuchukua damu. Ndefu. Nilizimia. Nilipozinduka alikuwa amekwisha maliza na kwenda zake. Sindano ya kwanza ya maisha yangu, na sikuwepo.

Jumamosi, 12 Juni

Damu asubuhi, damu jioni. Sindano tano mpaka sasa. Nimeikimbia moja tangu utotoni, zimekuja zote pamoja na watoto wao.

Anjeline amekuja. Hawamruhusu kusogea, kwa hiyo alisimama kwenye seng'enge akanieleza habari za Busia kwa kupiga kelele, na wagonjwa wa wodi mbili wakasikiliza bure. Jana watu wa afya waliingia na lori. Wakapuliza dawa nyumba yetu, ofisi, kanisa. Wakapanga foleni watu wote niliowataja. Mchungaji amedungwa. Kwaya imedungwa, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne. Mama wa kuku amedungwa. Mzee Oboth, kwa kuwa amekonda mikono, amedungwa kwenye tako, mbele ya wakulima waliokuja kuchukua mbegu. Anjeline mwenyewe amedungwa. Aliunyanyua mkono nione plasta.

Wawili tu walipita bila kuguswa. Osborn alionyesha kadi yake. Na Chrispinus akachomoa yake kwenye mfuko wa shati, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni, na Daktari Ekwaro akampa mkono hadharani akasema laiti wote wangekuwa kama huyu. Nilipata homa ya kweli niliposikia.

Nilitaka kuungama. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini pale pale nikamsikia Daktari akimwambia Sista nje ya dirisha kwamba kila dalili inaonyesha homa ya manjano, bado uthibitisho tu. Uthibitisho tu! Nikiungama leo nina aibu na sina mhuri. Nikingoja nina mhuri na sina aibu. Nilifunga kinywa.

Jumatatu, 14 Juni

Akili imerudi. Unga niliouficha kwenye soksi upo. Kila alfajiri najipaka kidogo kuliko jana, na kila asubuhi Daktari anaandika kwamba napata nafuu. Jana kijiko, leo nusu kijiko. Najitibu mwenyewe! Kufikia Alhamisi nitakuwa nimepona kabisa, watapiga mhuri siku hiyo hiyo, tarehe 17, na barua inasema 18. Bado nina siku moja ya akiba.

Mateso ni chakula. Wananipa mchuzi mweupe usio na kitu. Nilimwomba mpishi aongeze viungo kidogo akasema mgonjwa wa ini hali viungo. Nilinusa soksi yangu nikala.

Jumatano, 16 Juni

Mwisho wangu umeletwa na sabuni.

Dorcas ni dobi wa hospitali. Mama mnene, mcheshi, anaimba anapofua. Leo alichukua mashuka yangu, ya manjano kama ndizi, akayatumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni. Nikasikia wimbo umekatika. Halafu ukelele! Mashuka yamegeuka mekundu. Mekundu kama damu! Wauguzi wakaja mbio. Mtu akalia kwamba mgonjwa anatoka damu kwenye vinyweleo. Daktari Ekwaro akaja akikimbia, Sista nyuma yake, na mimi dirishani nikaanza kujiogopa mwenyewe. Nilijipapasa kila mahali nione ninakotokea damu.

Dorcas peke yake alikuwa amekwisha nyamaza. Alichovya kidole. Akanusa. Akalamba! Kisha akaweka mikono kiunoni. Kumbe mama huyu alifua miaka sita kwa Wahindi hapo mjini, na anajua kitu kimoja tu duniani kinachokuwa manjano kwenye nguo na chekundu kwenye sabuni. "Hii hapana homa," akatangaza. "Hii ni bizari! Huyu mzee iko pilau!"

Sista Amongin alikuja mpaka kitandani, bila barakoa, akachukua pamba yenye spiriti akanipitisha shingoni mara moja. Akaiangalia pamba. Akaniambia nivue soksi.

Sitaandika aliyosema. Alisema kwa Kiteso, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kote nilikuwa mtu yule yule. Daktari Ekwaro hakugomba. Alikwenda nyuma ya jiko na nikamsikia akicheka peke yake muda mrefu, kisha akarudi na uso mkavu akasema nitalala hapo hadi kesho, siku ya chanjo, na nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Alhamisi, 17 Juni

Nilikuwa wa kwanza. Watu walijaa kuangalia, hata mpishi. Sista akakwaruza ya ndui begani. Kisha akaniambia nigeuze uso. Niligeuza. Nikafumba macho, nikasali, nikamkumbuka mama yangu. Nikangoja. Nikangoja sana. Mwishowe nikamwomba aifanye haraka nisiteseke, naye akasema aliimaliza tangu nilipokuwa natafuta maneno ya sala.

Hakuna kitu! Hata siafu anauma zaidi! Miaka ishirini na tisa nimekimbia kitu hiki!

Akaandika jina langu kamili kwenye kadi ya manjano, akapiga mihuri. Alisema kadi inaanza kazi baada ya siku kumi. Kumbe ndiyo ile kumi ya Osborn, si Amri. Nilitikisa kichwa kama anayesikiliza, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mhuri. Mzuri, wa duara. Nimeubusu kwenye basi mara nne. Siku moja kabla ya tarehe! Chrispinus atafute sanduku lake.

Ijumaa, 18 Juni

Niliingia ofisini nimeishikilia kadi juu. Hakuna aliyenisalimu. Wote walikuwa wanajikuna mikono.

Mzee Oboth bado anakaa kwa upande mmoja. Alipokea kadi, akavaa miwani yake, akasoma. Akachukua barua, akasoma. Akarudia kadi. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kuanzia kumi na nane. Vidole vyake vilikwisha kwenye ishirini na saba. Ndege ni tarehe ishirini na sita.

Nikasema lakini barua inasema 18. Akaniita karibu akaweka kucha juu ya namba. "Mangeni, angalia. Hii ni sita. Tumbo yake iko chini tu, juu iko wazi. Nane inakuwa na tumbo mbili." Nikaisogeza barua mbali, nikaileta karibu. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Tumbo moja.

Laiti ningedungwa Alhamisi ile ya manjano, ningekuwa msafiri. Mzee Oboth alisema amesikitika, na nadhani alisema kweli, ingawa alijishika tako aliposema.

Nilikwenda nyuma ya stoo ya mbegu nikalia. Si kilio cha kanisani. Nililia kwa sababu niliitaka ile safari kuliko kitu chochote tangu nizaliwe, na hakuna aliyeninyang'anya. Jioni Anjeline alipika samaki ninayempenda. Hakunicheka. Alileta miwani ya baba yake. Aliiweka tu mezani, kando ya bakuli.

Ijumaa, 25 Juni

Stesheni ya Tororo. Tumemsindikiza Chrispinus kwenye treni ya Kampala, chama kizima na kwaya.

Wazee wa kanisa walikaa kikao wakaamua kwamba sanduku lilitolewa kwa msafiri, halikutolewa kwa Mangeni. Kwa hiyo nimelipiga vumbi, nimelitoa. Chrispinus amejaribu kuikwangua ile rangi kwa kisu siku tatu, lakini fundi wetu alitumia rangi ya mafuta, tena mara mbili. Bado inasomeka kutoka ng'ambo ya reli.

Kabla ya kupanda alinivuta pembeni. Suruali ilikuwa na mkunjo wake lakini mkono ulikuwa umelowa jasho. Aliniuliza kwa sauti ndogo, si ya besi, kama nimewahi kusikia iwapo ndege hutikisika ikiwa juu. Nikamwona kwa mara ya kwanza anaogopa kama mimi. Nilimhurumia sana. Nikamwambia hutikisika mno.

Halafu roho ikanisuta, nikampa kikaratasi cha manjano yaliyobaki kwenye ile ratili, nikamwambia ni dawa ya tumbo la safari na kule India haipatikani. Akanishukuru.

Treni iliondoka. Sanduku alilipakata karibu na dirisha, ubavu umeelekea nje, na niliiona R. MANGENI ikipita mbele ya jengo la stesheni, ikipita mnara wa maji, ikienda zake Bombay bila mimi. Niliipungia mkono mpaka ikapotea. Anjeline akanishika kiwiko akasema angalau jina letu limepanda treni.

Ijumaa, 2 Julai

Mambo yamegeuka! Jumanne imekuja barua mpya. Nafasi moja, Denmark, kusomea maziwa, mwezi wa Septemba. Mzee Oboth alisita, akawauliza wengine, na kwa kuwa watu wa lori walidunga bila kutoa kadi, hakuna mwingine mwenye kadi ya manjano ila Osborn, ambaye si mwanachama. Nimechaguliwa!

Mimi sasa ni mtu mwingine. Nimewahutubia wakulima kuhusu chanjo mara mbili wiki hii. Nimewaambia sindano si kitu, wasiwe kama watoto, wasitafute njia za mkato. Kadi yangu nimeikunja ndani ya karatasi ya nailoni, mfuko wa shati.

Sharti limebaki moja dogo. Kupimwa macho, hospitalini Tororo, Alhamisi ijayo. Kuna ubao wa herufi ukutani, unasimama mbali, unazisoma mpaka mstari wa chini.

Hilo limekwisha. Jana nilimtuma Osborn akadai anaumwa jicho, na amezinakili herufi zote, mistari minane, nyuma ya bahasha. Nimezikariri tangu asubuhi na nazisema nikiwa nimefumba macho. Anjeline alinisikiliza muda, kisha akaisogeza miwani kwenye meza mpaka ikagusa mkono wangu. Nimeiweka juu ya barua ya Denmark isipeperushwe na upepo.

Shida iko kwenye herufi moja tu. Mwandiko wa Osborn ni mdogo, na ile ya mwisho mstari wa tano sijui ni O au ni Q. Nimeipeleka dirishani. Nimeisogeza mbali, nimeileta karibu.

Ni Q. Naiona kabisa.